Bango kubwa, kamba nyembamba

*Mbeya na Iringa zimekwisha kujua kuchapa picha za ukubwa wa ghorofa. Kinachosumbua ni kujua nani anawajibika picha hizo zikishapanda ukutani.*

Saa nane mchana mwezi wa Agosti, upepo wa kiangazi unapoteremka kutoka mlima Loleza na kupita juu ya mabati ya Mwanjelwa, mpita njia husikia bango kabla hajaliona. Linapiga ukuta, linanyamaza, linapiga tena. Akiinua macho anaona kona moja imeachia. Kamba ya manila imekatika, chuma cha fremu kimeanza kupinda, na uso wa msichana anayetabasamu na simu mkononi umekunjika katikati, jicho moja likitazama Mbalizi na jingine Uyole.

Chini yake biashara inaendelea. Parachichi za Rungwe zimepangwa juu ya turubai, bodaboda wanasubiri abiria kwenye kivuli kinachosogea kila bango linapojaa upepo.

Nani aitwe? Hapo ndipo mambo huanza kuzunguka. Mwenye duka atasema ukuta ni wa mwenye jengo. Mwenye jengo atasema tangazo ni la mpangaji. Kampuni yenye picha iko Dar es Salaam na ilishamlipa wakala. Wakala alishamlipa mchapaji, na mchapaji atakumbusha, kwa haki kabisa, kwamba yeye alilipwa kuchapa. Kutundika alitafutwa kijana mwenye ngazi.

Uso wa jengo umekuwa mali katika miji hii miwili ya Nyanda za Juu Kusini. Kila ghorofa jipya linalotazama barabara kuu ya kwenda Zambia linakuja na nafasi ya kupangishwa ambayo haimo ndani ya vyumba. Teknolojia ya kuijaza nafasi hiyo imeshuka bei na kusogea karibu. Utaratibu wa kuisimamia umebaki nyuma, na pengo hilo linaonekana zaidi huku juu, penye upepo na jua, kuliko kule pwani ambako mabango mengi hubuniwa.

Tabaka za rangi

Kabla ya mashine kulikuwa na brashi. Ukuta wa duka la kando ya barabara kuu, Makambako au Igawa, ukikwanguliwa kwa uangalifu unaweza kutoa historia nzima ya simu za mkononi nchini. Celtel iko chini kabisa. Juu yake Zain, jina lililoingia 2008. Mwishoni mwa 2010 ikaja nyekundu ya Airtel, baada ya Bharti ya India kununua biashara ya Zain barani Afrika. Ukuta wa jirani ulikuwa wa buluu ya Vodacom hadi 2011, kampuni hiyo nayo ilipohamia nyekundu, na wapita njia wakapewa kazi ya kutofautisha nyekundu mbili. Novemba 2024 ikawa zamu ya Tigo kuamka ikiitwa Yas.

Kila badiliko la jina lilikuwa mavuno kwa mafundi wa rangi. Fundi hupiga mistari kwa kamba iliyopakwa chaki, hugawa ukuta miraba, huhamisha nembo mraba kwa mraba kutoka karatasi ndogo mkononi, kisha hushuka na kurudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara kuangalia kama herufi zimekaa sawa. Rangi ya maji hujaza uwanda, ya mafuta huandika jina. Mwenye duka hupata ukuta mpya bila kutoa shilingi, kampuni hupata tangazo lisiloibika.

Neno hilo la mwisho lina uzito wake. Bango la plastiki linaweza kushushwa usiku likawa paa la banda la kuku kufikia asubuhi, na fremu yake ikapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ukuta uliopakwa rangi hakuna wa kuubeba.

> Rangi ya ukutani huchakaa taratibu, lakini haimwangukii mtu.

Ila rangi ina kasi ya mkono wa binadamu. Kampuni inapobadili jina nchi nzima kwa siku moja, kama ilivyokuwa kwa Yas, haiwezi kusubiri fundi mmoja amalize ukuta mmoja kwa siku mbili. Tena brashi ya kawaida haitoi uso wa mtu unaofanana na picha ya kamera. Hapo ndipo mashine ilipochukua sehemu kubwa ya kazi, kwanza Dar es Salaam, kisha mikoani.

Mapande manne

Mfano wa kazi ya kati: uso wa jengo wenye upana wa mita 10 na kimo cha mita 7.5. Eneo lake ni mita za mraba 75. Mashine kubwa za kuchapa mabango kwa kawaida zina upana wa mita 3.2, kwa hiyo hakuna namna ya kuitoa picha hiyo kwa mkupuo mmoja. Programu ya kompyuta huikata mapande manne ya upana wa mita mbili na nusu, kila pande likiachiwa pindo la kuunganishia.

Kitambaa chenyewe si kitambaa. Ni wavu wa nyuzi za poliesta uliofunikwa plastiki ya PVC pande zote mbili, ndicho mafundi wanachokiita fleksi. Uzito wake hutajwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Cha gramu 440 au zaidi ndicho cha kazi za nje. Cha gramu 280 ni cha kampeni ya wiki tatu au harusi, ingawa tofauti hiyo haionekani kwa mteja aliyesimama kaunta. Vichwa vya mashine hurusha matone ya wino wa aina nne, sayani, majenta, njano na nyeusi, huku kitambaa kikivutwa juu ya bamba lenye joto ili wino ukauke kabla ya kukunjwa.

Mapande huunganishwa kwa mashine ya hewa ya moto inayoyeyusha PVC pindo kwa pindo. Muungo mzuri ni imara kuliko kitambaa chenyewe. Muungo wa gundi ya kopo, ambao bado unatumika pale mashine ya joto isipokuwepo, huanza kuachia mvua za kwanza za Novemba. Mwisho kingo zote hupinduliwa mara mbili na kupigwa vipete vya chuma vya kupitishia kamba.

Umeme nao una sauti katika kazi hii. Ukikatika katikati ya pande, mashine inapoamka haiendelei palepale ilipoachia. Huacha mstari mweupe au mweusi unaokata picha, na mita nyingi za fleksi huenda na maji. Wino ukikaa vichwani bila kusukumwa huganda, na kichwa kipya ni gharama inayoweza kumeza faida ya miezi. Mgao wa mwishoni mwa 2023 uliwafundisha wachapaji hilo kwa ukali. Hali imekuwa afadhali tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kuzalisha Februari 2024, lakini mchapaji mzoefu bado haachi kuweka betri ya akiba.

Picha iliyotumwa kwa WhatsApp

Ugomvi wa kwanza kati ya mteja na mchapaji karibu kila mara ni juu ya picha. Mteja anatuma kwa simu, mchapaji anasema haifai, mteja anaona anataka kuongezewa bei.

Hesabu inawapa haki wote wawili, kila mmoja kwa kiasi chake. Picha ya simu ya kawaida yenye nukta milioni 12 ina nukta 4,000 kwa upande mrefu. Ikitandazwa mita 10, kila nukta inakuwa na upana wa milimita 2.5. Inasikika kama balaa. Lakini jicho zima la binadamu, kwa umbali wa mita 30, haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 8 au 9. Mtu aliye ng'ambo ya barabara pale Kabwe hataona nukta hata moja.

Tatizo ni kwamba picha hiyo ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi karibu nukta 1,600 kwa upande mrefu. Sasa kila nukta ina upana wa zaidi ya milimita 6. Kutoka mita 30 bado inapita. Kutoka mita 10, yaani kwa mtu aliye kwenye kibaraza cha jengo la pili, sura inakuwa ngazi za mraba mtupu. Anayejua hili hutuma picha kama faili la hati, na ugomvi unaisha.

Kinachostahili ugomvi mkubwa zaidi hakigombewi: picha ni ya nani? Maharusi wengi wanaopamba saluni za Mafiati na Mlandege wana sura za watu wasiojua kwamba Tanzania kuna mitaa inayoitwa hivyo. Zimeokotwa mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyepiga picha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imemwongezea nguvu mwenye sura. Bibi harusi wa Iringa aliyepigwa picha kwa ajili ya albamu yake ana haki ya kuuliza amefikaje ghorofa ya tatu.

Kilo 33 zinazovuta tani mbili

Fleksi ya mita za mraba 75, kwa gramu 440 kila mita, ina uzito wa kilo 33. Vijana wawili huibeba begani na kuipandisha kwa kamba. Wepesi huo ndio unaowadanganya watu.

Kanuni ya upepo ni ya darasani: nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolea tahadhari kwa wavuvi wa pwani, hulisukuma bango hilo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 580 hivi. Kasi ikifika kilomita 80, jambo ambalo mvumo wa ghafla kabla ya mvua ya radi unaweza kulifanya, nguvu haizidi mara mbili. Inazidi mara nne: zaidi ya tani 2.

Tani mbili hizo zinashikiliwa na nini? Katika kazi nzuri, fremu ya mabomba ya mraba iliyochomelewa na kufungwa kwenye nguzo au mkanda wa zege kwa bolti za kupanuka. Katika kazi mbaya, misumari ya zege iliyopigwa kwenye tofali za saruji zenye plasta juu, au mirunda ya misonobari kutoka Sao Hill iliyofungwa kwa waya wa kufungia nondo. Tofali halina kosa. Halikutengenezwa ili livutwe.

> Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake kwenye bango huongezeka mara nne.

Dawa ya mtaani ni kukata vitundu vya nusu mwezi katikati ya bango ili upepo upite. Vinaonekana vya busara. Kwa kweli hupitisha hewa kidogo sana, na kila kitundu ni mahali pa mpasuko kuanzia. Dawa halisi ni fleksi ya wavu, yenye matundu madogo mamia kwa mamia ambayo macho ya mbali hayayaoni. Inapunguza mzigo wa upepo na inaruhusu mwanga kuingia madirishani. Bei yake ni kubwa zaidi na rangi zake hufifia kidogo kwa kuwa sehemu ya uso ni tundu tupu, kwa hiyo mteja huchagua ile inayong'aa.

Nyanda za juu zina tabia nyingine ambayo mwongozo wa mtengenezaji hauitaji. Asubuhi ya Julai, baridi ya Mbeya hukaza PVC. Bango likivutwa na kufungwa saa mbili asubuhi likaonekana limekaza kama ngoma, saa nane mchana jua litalilegeza, na bango lililolegea ndilo linalopiga ukuta hadi kukata kamba zake lenyewe. Fundi anayejua hufunga mchana, jua likiwa kali. Stika za vioo nazo zina masharti hayohayo: gundi nyingi hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ndiyo maana zilizobandikwa asubuhi ya baridi hujikunja pembe kabla ya Nane Nane.

Kisha jua. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mwinuko unapopanda mita 1,000, na Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Bango lililokadiriwa miaka miwili likiwa Tanga halitapata miaka miwili Soweto ya Mbeya. Njano na majenta hutangulia kufa; sayani na nyeusi hubaki. Ndiyo sababu nyuso za watangazaji wa mwaka juzi zina rangi ya samawati, kana kwamba wote walipigwa picha wakisikia baridi.

Basi la usiku

Karakana za mikoani nyingi huanza na mashine za mita 1.6 au 1.8, zinazotosha stika, vipeperushi vya kusimama na mabango ya milangoni. Kazi ya uso mzima wa jengo ikija, mmiliki ana njia mbili: kuichapa kwa mapande mengi membamba yenye miungo mingi, au kuituma Dar es Salaam.

Njia ya pili imekuwa rahisi mno. Faili linakwenda kwa intaneti, fleksi inachapwa Kariakoo au jirani yake, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 furushi linaweza kupakiwa jioni likawa limevuka Kitonga kabla hakujapambazuka. Malighafi nyingi zinapitia bandari ya Dar es Salaam kutoka China, kwa hiyo mchapaji wa huko huzinunua kwa bei ambayo wa Mbeya, zaidi ya kilomita 800 mbali, hawezi kuipata.

Wachapaji wa nyanda za juu wanalalamika kwamba wanabakiziwa makombo. Malalamiko hayo yana ukweli, na yana upande ambao hawapendi kuusikia. Kushindana kwa bei na Dar es Salaam hawawezi. Wanachoweza kuuza, ambacho Dar es Salaam haiwezi kukipakia kwenye basi, ni kuwapo: kuja kupima ukuta, kujua upepo wa mtaa huo unatoka wapi, kurudi baada ya wiki mbili kukaza kamba. Hadi sasa wengi wao wanauza mita za mraba tu, kama wenzao wa mjini, kisha wanashangaa kupimwa kwa mita za mraba.

Msimu unawabeba. Maonesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale huwaweka macho usiku kucha mwishoni mwa Julai. Mwaka 2022 na 2023, maonesho ya kitaifa yalipofanyika hapo, kila banda lilitaka kufunikwa. Kampeni za uchaguzi hufanya vivyo hivyo kila baada ya miaka mitano. Haraka ya misimu hiyo ndiyo mama wa fleksi nyepesi na gundi ya kopo.

Nyuma ya bango kuna dirisha

Mpangaji wa ghorofa ya pili hana nafasi kwenye mkataba wa tangazo. Asubuhi moja anafika ofisini kwake, labda ya wakili au fundi cherehani, anakuta dirisha limekuwa mgongo mweupe wa picha ya mtu mwingine. Taa inawashwa mchana kutwa. Hewa imekufa.

Hilo ni karaha. Hatari ni moto. PVC iliyolainishwa kwa kemikali na kujazwa wino wa mafuta huungua na kutoa moshi wenye sumu, na bango lililofunika madirisha linaziba njia ambayo mtu angepungia mkono au kushuka kwa ngazi ya zimamoto. Mbeya haihitaji kuhadithiwa moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006. Nao mtindo mpya wa kufunika majengo kwa paneli za alumini, ambazo mafundi huziita alukobondi, una somo lake chungu: jijini London, Juni 2017, moto ulipanda jengo la Grenfell kupitia paneli za aina hiyo zenye moyo wa plastiki, na watu 72 wakafa. Paneli zenye moyo usioshika moto zipo sokoni. Tofauti yake haionekani ukizitazama ukutani.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007 na mamlaka ya kukagua majengo. Ukaguzi unaotazama mitungi ya kuzimia moto na kuacha kitambaa cha plastiki cha mita za mraba 75 kilichoziba madirisha utakuwa umetazama nusu ya jengo.

Kuna pia afya ya anayepanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haimwachi nje kijana wa ngazi eti kwa sababu aliokotwa kijiweni asubuhi hiyo. Mkanda wa usalama, kofia ngumu na jukwaa la kusimamia vinamhusu kama vinavyomhusu mjenzi wa ghorofa. Mirunda miwili na ngazi ya bati havihesabiki kuwa jukwaa.

Ushuru na alama ya X

Serikali imekuwa na macho makali kwa mabango pale yanapohusu mapato. Julai 2017 kazi ya kukusanya ada za mabango iliondolewa mikononi mwa halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na wafanyabiashara walijifunza haraka kupima urefu na upana wa majina ya maduka yao. Ada hupimwa kwa ukubwa. Uimara wa bango hauingii kwenye hesabu: lililofungwa kwa bolti na lililofungwa kwa waya yanalipiwa sawa.

Kando ya barabara kuu kuna mwenye neno mwingine, Wakala wa Barabara, TANROADS. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na wakala huyo ana mchoro wake wa ukutani, wa bei rahisi kuliko wote na unaosomwa kwa makini kuliko tangazo lolote la soda: herufi X. Nyekundu au kijani, kila mwenye nyumba anajua ipi inakuja na fidia. Upanuzi wa kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kuwa njia nne umeigeuza ramani ya thamani ya kuta za Mbeya. Jengo lililokuwa safu ya pili linaweza kujikuta mbele, na mawakala wa matangazo hawachelewi kubisha hodi.

Iringa ina jambo lake

Mji wa Iringa uko juu ya kilima, upepo wake haukopeshi, na katikati yake kuna majengo ambayo picha ya tangazo inayaondolea thamani badala ya kuiongeza. Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 kama hospitali na kugeuzwa makumbusho mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, ni kituo cha kwanza cha mgeni anayepita kwenda Hifadhi ya Ruaha. Anatoka hapo akitembea mitaa ya Uhindini kutafuta mji wa zamani aliosimuliwa ndani. Veranda za maduka bado zipo. Baadhi zimejificha nyuma ya fleksi.

Mwenye duka hapaswi kulaumiwa peke yake. Hakuna mtalii aliyewahi kumlipa kodi ya pango kwa sababu ya uzuri wa veranda, ilhali tangazo linalipa. Hata hivyo Manispaa inaweza kuamua kwamba mitaa michache ya kati itangazwe kwa ukanda mwembamba juu ya mlango, kwa rangi au kwa herufi za kusimama, na uso wa jengo uachwe. Zipo kuta nyingi Ipogolo na Kihesa ambazo fleksi itazifaa.

Miji mikubwa imekwenda mbali zaidi. São Paulo ya Brazili ilipitisha sheria mwaka 2006 ya kuondoa matangazo ya nje, na tangu Januari 2007 mabango yapatayo 15,000 yalishushwa. Mbeya na Iringa hazina haja ya upasuaji wa namna hiyo. Vijana wengi wanakula kwa kazi hii.

Likishashuka

Bango lililokwisha kazi halitupwi. Linakuwa paa la genge, pazia la bafu, tandiko la kuanikia mahindi. Wengi hulisifu hilo kama ubunifu, na paa la genge halina neno. Mahindi na ulezi ni suala jingine: chakula kisianikwe juu ya upande wenye wino, na mabaki yasichomwe uani, maana PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi na dayoksini. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019 halikugusa fleksi, na baada ya kila uchaguzi ipo ya kutosha kufunika mashamba.

Kati ya brashi na mashine, makala haya hayaoni haja ya kumpa mshindi mmoja. Jina la duka litakalodumu miaka kumi lipakwe rangi. Ni rahisi, ni salama, na mafundi bado wapo. Ofa ya miezi mitatu ichapwe, kwa fleksi ya wavu ikiwa itapita ghorofa ya kwanza. Kasoro kubwa haiko kwenye uchapaji. Iko kwenye fremu, kamba na tarehe ya kushusha, vitu ambavyo havina mwenyewe.

Halmashauri ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa zinaweza kuvipa mwenyewe bila kusubiri sheria mpya ya Bunge: kila kibali cha bango linalozidi ghorofa moja kitaje jina na simu ya aliyelitundika, kionyeshe limefungwa wapi, na kiwe na siku ya kuisha. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha uhandisi na usanifu wa majengo papo hapo mjini. Hesabu ya upepo si ya kuagiza nje.

Mfanyabiashara naye asisubiri kibali hicho. Kabla ya kumalizia malipo ya bango, adai kwa maandishi nani atapanda ngazi siku kamba itakapokatika.